Kupeleka malalamiko ya ubaguzi kazini kwa inspekta wa kazi, Lubumbashi

Mfanyakazi anayeonewa kwa sababu ya kabila, jinsia, mimba au dini yake huwa anaanza kwa kusema "wananichukia", "wananidharau", "tangu chef (mkubwa wa kazi) huyu afike sina amani". Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini mbele ya inspekta wa kazi, yaani ofisa wa Serikali anayekagua kama Sheria ya Kazi inafuatwa, hayaendi mbali, kwa sababu inspekta hapimi uchungu, anapima tofauti. Anataka kujua ni nani mwingine, mwenye kazi kama yako na kategoria (daraja la kazi) kama yako, ambaye alitendewa vingine, na ni kitu gani kinachokutenganisha na mtu huyo zaidi ya kabila, jinsia au imani. Nilikuwa delege, yaani mwakilishi, wa wafanyakazi kwa mihula miwili katika kampuni moja ya hapa mjini, na nimeona mafaili ya watu wenye haki yakikwama kwa sababu mwenyewe aliandika kurasa tano juu ya matusi na hakuandika hata mstari mmoja juu ya huyo mwingine.

Kwanza: hakikisha kwamba jambo lako ni ubaguzi

Chef anayefokea kila mtu ana tabia mbaya, lakini hajabagua. Kampuni isiyolipa wafanyakazi wake wote kwa miezi miwili imevunja sheria, nawe unaweza kwenda kwa inspekta huyohuyo, ila faili lako litakuwa la mshahara. Ubaguzi ni pale ambapo watu wanaolingana wanatenganishwa kwa sababu ambayo sheria imeikataza.

Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 36, inakataza mtu kuumizwa katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, mawazo yake, imani yake au hali yake ya kijamii na kiuchumi. Sheria ya Kazi, yaani Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa na Sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, inaingia ndani zaidi. Kifungu chake cha 62 kinasema kwamba mwajiri hawezi kuvunja mkataba bila sababu halali, kisha kinataja sababu ambazo haziwezi kamwe kuwa halali: rangi, jinsia, hali ya ndoa, majukumu ya familia, mimba na uzazi, dini, mawazo ya kisiasa, asili ya kitaifa au ya kijamii, kabila, pamoja na kuwa mwanachama wa sendika (chama cha wafanyakazi). Sheria hiyohiyo inataka mshahara uwe sawa pale ambapo kazi, ujuzi na matokeo ni sawa, na inakataza uzazi kuwa sababu ya kumbagua mwanamke katika ajira. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI iko Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, na kwa mwenye ulemavu iko Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Ukijua jambo lako linaangukia wapi kati ya hayo, andika neno hilo moja juu ya karatasi kabla ya kuandika kitu kingine. Mtu anayetaja sababu nne kwa pamoja, kabila na dini na umri na siasa, mara nyingi hushindwa kuthibitisha hata moja.

Katika mji wetu, ambako swali la nani ni mtoto wa hapa na nani ametoka mkoa mwingine limekuwa na historia ya machungu, sababu ya kabila ndiyo inayosikika zaidi vinywani na ndiyo ngumu zaidi kuiweka kwenye karatasi. Hakuna mwajiri atakayeandika kwamba amekunyima cheo kwa sababu ya kijiji cha baba yako. Kwa hiyo utaitafuta katika matendo: orodha ya waliopandishwa, orodha ya walioondolewa wakati kazi ilipopungua, maneno yaliyosemwa mbele ya mashahidi, na maelezo ya kampuni yanayobadilika kila unapouliza.

Wanaoajiriwa na Serikali wafahamu kwamba Sheria ya Kazi haiwahusu mahakimu, maofisa wa kudumu wa utumishi wa umma, wanajeshi wala polisi. Hao wana sheria zao na njia zao za kulalamika. Mfanyakazi wa siku, kwa upande mwingine, asijione yuko nje. Aliyekwisha kufanya siku 22 katika kipindi cha miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, sheria inamhesabu kuwa na mkataba usio na mwisho. Na hata asiye na mkataba wa maandishi anaruhusiwa kuthibitisha mkataba wake kwa njia zote za kisheria: kadi ya kuingilia kazini, ujumbe wa simu, mashahidi, mshahara uliolipwa kwa simu.

Pili: kusanya ushahidi ukiwa bado ndani

Wakati mzuri wa kukusanya ushahidi ni pale unapokuwa bado unapita kwenye geti. Chukua daftari dogo, uliweke nyumbani, na kila jioni uandike kilichotokea: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe jinsi yalivyosemwa, na majina ya waliokuwepo. Ikiwa tusi lilisemwa kwa Kiswahili, liandike kwa Kiswahili, na ikiwa lilisemwa kwa Kifaransa, liandike kwa Kifaransa, usilitafsiri wala kulipamba. Daftari lenye tarehe kumi na mbili fupi lina nguvu kuliko barua moja ndefu iliyoandikwa usiku wa hasira.

Pamoja na daftari, weka mkataba, buletini za mshahara (karatasi za malipo ya kila mwezi), barua za onyo, ratiba za kazi, matangazo ya nafasi uliyoiomba na jibu ulilopewa. Angalia vizuri kategoria iliyoandikwa kwenye buletini yako, kama ni ya mfanyakazi mwenye ujuzi kiasi, mwenye ujuzi, au mwenye ujuzi wa juu, kwa sababu hapo ndipo ulinganisho unapoanzia. Ujumbe wa WhatsApp usiufute, na usitosheke na picha ya maandishi pekee: picha ionyeshe namba ya aliyetuma na tarehe, na simu yenyewe uitunze.

Kitu kimoja usikifanye. Usichukue makaratasi ya kampuni ambayo hukuwa na haki ya kuyashika, hata kama yanaonyesha mishahara ya wote. Utampa mwajiri sababu halali ya kukufukuza, naye hatahitaji tena ile isiyo halali. Taja tu katika barua yako kwamba orodha hiyo ipo na iko ofisi gani, kwa maana inspekta ana uwezo ambao wewe huna: anaweza kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa, kuhoji watu na kudai aonyeshwe vitabu.

Sasa mtafute huyo mwingine. Nitatoa mfano wa mama mmoja aliyekuwa akitunza stoo ya vipuri. Alikuja kwangu akisema kwamba analipwa kidogo kwa sababu ni mwanamke. Tulikaa, tukaandika jina la mwanamume aliyekuwa akifanya kazi hiyohiyo zamu ya usiku, mwaka ambao kila mmoja aliajiriwa, diploma ya kila mmoja, na kategoria ya kila mmoja. Mama alikuwa ameanza miaka miwili kabla ya mwenzake, diploma zao zilikuwa za kiwango kimoja, na bado alikuwa kategoria ya chini. Jedwali hilo la mistari minne lilizungumza zaidi ya saa mbili za machozi. Kama katika kulinganisha utakuta mwenzako ana ujuzi ambao wewe huna, ni heri ulione hilo mwenyewe nyumbani kuliko kuonyeshwa na wakili wa kampuni.

Wale wanaofanya kazi migodini kupitia kampuni ndogo za kandarasi wana jambo la ziada la kuangalia. Kofia inaweza kuwa na nembo ya mgodi, lakini mwajiri wako ni yule aliyesaini mkataba na anayekulipa. Ukiandika jina la mgodi wakati mkataba una jina la kampuni nyingine, mwaliko utakwenda kwa asiyehusika na utapoteza wiki kadhaa.

Tatu: hesabu muda wako

Kifungu cha 317 cha Sheria ya Kazi kinaweka mwisho wa kudai. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi hufa baada ya miaka 3 tangu jambo lilipotokea, lakini madai ya mshahara hufa baada ya mwaka 1 tu tangu siku ambayo mshahara ulipaswa kulipwa. Maana yake kwa mtu anayelipwa chini ya mwenzake ni hii: kila mwezi una hesabu yake, na kila mwezi unaokaa kimya unameza mwezi mmoja wa nyuma. Ahadi za mkuu wa wafanyakazi kwamba "tutaliangalia" hazisimamishi hesabu hiyo, hata akizirudia kila Jumatatu. Hapa kwetu tuna desturi ya kumtuma mkubwa wa familia au mchungaji aende akaongee na patron (mwajiri) kwanza, nami siikatai, kwa sababu mara nyingine inaponya. Ila mazungumzo hayo yawe na kikomo cha wiki mbili au tatu, na wakati yanaendelea andika barua moja kwa mwajiri, upate saini na tarehe ya kupokelewa kwenye kopi yako.

Nne: chagua mlango

Ofisi ya kwenda ni Ukaguzi wa Kazi, ile ambayo kila mtu anaiita kwa Kifaransa "Inspection du Travail". Si ONEM, ambayo kazi yake ni mambo ya ajira na wanaotafuta kazi, wala si CNSS, ambayo inashughulika na michango na pensheni. Tena, inspekta anayehusika ni wa eneo la kazi. Unaweza kuwa na nyumba Katuba au Ruashi, lakini kama unafanya kazi Kolwezi au Fungurume, faili lako ni la mkoa wa Lualaba, na ukilipeleka Lubumbashi utarudishwa.

Ndani ya ofisi hiyo kuna milango miwili ambayo watu wengi huichanganya. Wa kwanza ni kumtaarifu inspekta kwamba sheria inavunjwa, ili aende kukagua. Kwa njia hiyo jina lako linabaki siri: mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu imeuridhia, unamlazimu inspekta kutosema nani alilalamika, wala hata kudokeza kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Mlango huu unafaa pale ubaguzi unapogusa kundi zima, kwa mfano wanawake wote wanaoomba kazi wakidaiwa kipimo cha mimba. Hautakupa wewe fidia.

Mlango wa pili ni ombi la usuluhishi, ambalo ni la wazi: mwajiri ataitwa na atajua ni nani aliyemwita. Ukitaka kulipwa, kurudishwa kazini au kupandishwa kategoria lazima upite hapo, maana kifungu cha 298 kinasema kwamba Mahakama ya Kazi haipokei shauri la mfanyakazi mmoja ambalo halikupita kwanza kwa inspekta kwa usuluhishi. Wapo waliolipa wakili, wakakimbilia mahakamani moja kwa moja, na shauri likakataliwa kabla hata mtu hajasikiliza ubaguzi wenyewe.

Tano: andika ombi

Kifaransa ndicho lugha ya ofisi, hivyo barua ipelekwe kwa Kifaransa, lakini nashauri uiandike kwanza kwa Kiswahili, uridhike nayo, kisha umpe mtu aitafsiri mbele yako. Anayeandikiwa barua moja kwa moja kwa Kifaransa asichokimudu hujikuta siku ya kikao anaulizwa juu ya maneno ambayo hakuyasema.

Kurasa mbili zinatosha. Weka jina lako kamili, anwani na simu, kazi yako, kategoria, tarehe ya kuajiriwa na mshahara, kisha jina la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba na mahali pa kazi. Baada ya hapo eleza matukio kwa mpangilio wa tarehe, bila sifa za tabia ya mtu. Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

"Nimeajiriwa kama mtunza stoo tangu tarehe fulani, kategoria fulani. Mwenzangu fulani, aliyeajiriwa baada yangu, anafanya kazi ileile katika zamu nyingine na ana diploma ya kiwango kileile, lakini amewekwa kategoria ya juu. Niliuliza sababu kwa barua ya tarehe fulani, ambayo kopi yake imeambatanishwa. Nilijibiwa kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili, kwamba mwanamke ana mume wa kumlisha. Naomba inspekta aniite mimi na mwajiri kwa usuluhishi, ili niwekwe katika kategoria inayolingana na kazi yangu na nilipwe tofauti ya mishahara."

Tazama kwamba barua hiyo inamtaja mwenzake, inataja sababu moja iliyokatazwa, na inaomba kitu kinachohesabika. Anayemalizia kwa kusema "naomba haki itendeke" anamwachia inspekta kazi ya kukisia.

Ambatanisha kopi, kamwe usiache makaratasi ya asili, na uzipe namba. Toa kopi tatu za faili lote. Moja inabaki ofisini, moja ni akiba ya mwajiri au wakili, na moja inarudi nawe ikiwa na muhuri, tarehe na saini ya aliyepokea. Usitoke bila muhuri huo, hata ukiambiwa kwamba mwenye muhuri amekwenda kula. Na ukiombwa pesa, omba hati ya malipo ya Serikali inayoonyesha kiasi na mahali pa kulipia. Ombi hilo, likisemwa kwa adabu, humaliza maongezi mengi.

Sita: siku ya kikao

Inspekta atawaalika wote wawili. Mwajiri mara nyingi hatakuja mwenyewe; atamtuma mkuu wa wafanyakazi au wakili, nawe una haki ya kuuliza kama aliyekuja amepewa uwezo wa kuamua, kwa sababu mjumbe asiye na uwezo huja kupoteza muda. Asipotokea mtu, omba kutokuwepo kwake kuandikwe. Delege wa sendika au wakili anaweza kukusindikiza. Asiye na pesa ya wakili aende kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya chama cha mawakili, mapema, si asubuhi ya kikao.

Anza na jedwali lako la ulinganisho. Mwache mwajiri ajibu, na uandike sababu anayoitoa, maana sababu itakayotolewa hapo ikitofautiana na ile iliyo kwenye barua ya kukufukuza, umepata ushahidi ambao hukuwa nao. Kifungu cha 76 kinamlazimu mwajiri anayevunja mkataba kutaja sababu waziwazi katika barua, kwa hiyo barua hiyo iwe mkononi mwako.

Mwisho wa kikao unaandikwa katika hati inayoitwa PV, kifupi cha Kifaransa "procès-verbal". Inaweza kuwa ya kukubaliana, ya kukubaliana nusu, au ya kutokubaliana. Uombe isomwe polepole, na ielezwe kwa Kiswahili ikibidi, kabla ya kusaini. Katika ile ya kukubaliana, kiasi, tarehe ya kulipa na kategoria mpya viandikwe kwa tarakimu. Maneno kama "mwajiri atafanya awezavyo" hayatekelezeki mbele ya hakimu yeyote. Ile ya kutokubaliana wengi huipokea kama habari mbaya na kuiacha ofisini, ilhali ndiyo ufunguo wa mahakama. Usiondoke bila kopi yake.

Kati ya kikao kimoja na kingine, jihadhari na bahasha. Mjumbe wa kampuni atakusubiri nje, atakuita kaka au mama, atakupa pesa na karatasi ya kusaini kwamba hudai kitu tena. Kama pesa ni nzuri na unaitaka, rudini wote ndani mkaiandike mbele ya inspekta. Kama ni hesabu ya mwisho ya kazi unayotakiwa kuisaini ili upate mshahara wako, andika kando ya saini yako kwamba unapokea bila kuacha haki zako nyingine, na upige picha ya karatasi hiyo.

Ikifika mahakamani, au mwajiri akilipiza kisasi

Mahakama ya Kazi ya Lubumbashi hukaa na watu watatu: hakimu, mjumbe wa upande wa waajiri na mjumbe wa upande wa wafanyakazi. Hapo wakili ni wa lazima kwa akili kuliko kwa sheria. Kwa aliyefukuzwa bila sababu halali, kifungu cha 63 kinaruhusu kurudishwa kazini, na kama harudishwi, fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Hicho ni kikomo cha juu, si kiasi cha kawaida, na wakili anayekuahidi miezi 36 kabla ya kusoma faili lako umsikilize kwa sikio moja.

Wengi hawaogopi mahakama, wanaogopa Jumatatu inayofuata. Kifungu cha 62, kilekile kinachotaja kabila na mimba, kinasema pia kwamba kumlalamikia mwajiri au kwenda kwa wakuu wa Serikali si sababu halali ya kufukuzwa. Kwa hiyo baada ya kuweka ombi lako, fika kazini kwa wakati kuliko wote, usijibu uchokozi, na uendelee na daftari. Ukihamishwa zamu ghafla, ukinyimwa vifaa au ukipewa onyo la kwanza baada ya miaka sita bila onyo, andika tarehe yake chini ya tarehe ya muhuri wa inspekta na umpelekee barua fupi ya nyongeza wiki hiyohiyo. Na kama kilichotokea ni kudaiwa tendo la ngono ili ubaki na kazi, au ni uchochezi wa chuki ya kikabila, hilo ni kosa la jinai pia, linalopelekwa kwa mwendesha mashtaka pamoja na kopi ya faili lako, bila kusubiri inspekta amalize.